Nakala ya Tatu Ilifika Umeshaoshwa

Mejumaa, mke mwenzangu,

Ni mimi bibi yako Mwanatumu, niliyemzaa mama yako. Maneno ni yangu, mkono ni wa Njoroge, yule dereva wa lori aliyekuwa akitubebea vifurushi vyetu kati ya Jeddah na Riyadh. Ameketi hapa Jeddah, chumbani kwangu mtaa wa Bani Malik, juu ya ndoo niliyoipindua, na ananiita bibi kwa lugha ya kwao, "Shosho, polepole, mkono si mashine." Nimemwambia asinirembee. Nikisema la kipumbavu aandike la kipumbavu. Nikilia asiandike kwamba nalia, aweke kalamu chini angoje.

Hujambo sikuulizi. Hilo huulizwa mtu anayeweza kujibu.

Njoroge alishtuka nilipomwambia aanze na "mke mwenzangu." Kwao Nyahururu hawana utani huu. Nimemweleza kwamba kwetu Kwale mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, kwa hiyo wewe na mimi tumegombania mume mmoja tangu wewe huna meno na mimi ninayo, mpaka wewe ukawa nayo na mimi sina. Ukinipigia simu ulikuwa ukianza hivi: "We kikongwe, hujafa tu unipishe?" Nami nakujibu, "Nife nimwachie nani mume wangu, wewe unayeunguza wali?" Tunacheka mpaka jirani anagonga ukuta.

Ulikuwa utani, mwanangu. Mume wetu yuko kaburini zamani, na wewe umemfuata ukaniacha nimesimama. Mimi ndiye niliyepaswa kukupisha.

Nikueleze yaliyobadilika. Saa ile ya baada ya alasiri, ulipokuwa ukimaliza kumsomea mzee wa nyumba uliyofanyia kazi kule Naseem, Riyadh, kisha ukanipigia, imekuwa shimo. Naiona ikija. Nafua nguo zilizo safi. Nashuka ngazi, nanunua mkate nisioutaka, napanda ngazi. Kule kazini watoto niliowalea, ambao sasa ni watu wenye ndevu na watoto wao, wananiambia, "Mama Tumu, pumzika." Nipumzike na nani? Juzi nilitia chumvi kwenye chai badala ya sukari, nikainywa hadi mwisho. Sikuona tofauti.

Na zile barua zimekatika. Hilo limeniua mara ya pili.

Nani angeamini? Mimi nisiyejua hata jina langu likiandikwa lina sura gani, mimi wa kutia dole gumba kila ikama, kile kibali cha kuishi huku, inapokwisha, nalilia barua za Wamarekani waliokufa kabla babu wa babu yangu hajazaliwa. Lakini ni wewe uliyeniletea. Mzee wako alikuwa mtu wa ubalozi ujanani, akaishi Marekani, uzeeni macho yakamzimikia. Alichobakisha ni kusomewa vile vitabu vizito vya barua za wazee walioanzisha nchi ile, barua zao za kibalozi, za vita na mikataba, na zile walizowaandikia wake zao. Nyumba ile ilikuleta upike na ufue. Mzee alipojua umesoma Kiingereza mpaka chuo, akakuweka kitini. Ulichomsomea yeye, ulikuja kunisimulia mimi kwa Kiswahili. Palipokuwa na la siri, kwa Kidigo. Uliniambia hata mabalozi wale walikuwa na lugha yao ya siri, wakiandika tarakimu mahali pa maneno ili anayezifungua barua njiani asiambulie kitu. Nikakuambia, basi tarakimu zetu ni Kidigo, na huyo madam wako atafute mkalimani mpaka kucha.

Niliwajua watu wale kama majirani wa ngazi hii. Yule mfupi mnene, mwenye mdomo, hasira karibu na pua. Yule mrefu mwenye nywele nyekundu, mpole, anaandika kwamba watu wote wameumbwa sawa huku watumwa wanamlimia shamba. Nilikwambia, "Huyo mnafiki usinisomee." Ukasema, "Bibi, nitarukaje nusu ya kitabu?" Na mke wa yule mfupi, niliyempenda. Mume hayupo miaka, mara barazani, mara ubalozini ng'ambo, yeye yuko shambani, vita viko mlangoni, watoto wanaumwa, na bado anashika kalamu. Akamwambia mumewe, mnapotunga sheria zenu mpya mtukumbuke na sisi wanawake. Na mume akamcheka! Kwa maandishi! Siku ile nilitukana kwenye simu mpaka ukaniambia, "Bibi, mzee anauliza kuna msiba gani huko Jeddah."

Kisha kuna lile la nakala.

Ulinieleza kwamba barua zao zilivuka bahari wakati wa vita, meli nyingine zinazama, nyingine zinatekwa. Basi barua yenye uzito iliandikwa mara mbili, mara tatu, kila nakala na meli yake. Ikifika moja, imetosha. Jambo hilo liliniingia. Nikasema na sisi tufanye hivyo. Neno lenye uzito litakwenda kwa njia tatu: kwa simu, kwa mdomo wa Njoroge, na kwa karatasi ndani ya kifurushi. Ni upuuzi, najua, simu pekee ilitosha. Lakini ulikuwa upuuzi wetu. Nilipokutumia mahamri nilikupigia nikasema mahamri yanakuja, Njoroge akafika akasema haya mahamri, na ulipofungua mfuko ukakuta karatasi niliyoandikiwa na jirani: MAHAMRI. Ulicheka mpaka ukatafuta ile dawa yako ya kuvuta. Kifua chako hakikuwahi kustahimili kitu, hata furaha.

Neno la mwisho lenye uzito lilikuwa "Naja."

Madam alikupa ruhusa. Baada ya Mfungo ungekuja Jeddah, tukafanye umra pamoja, kisha nikutembeze Balad, mji wa kale, kwenye zile nyumba za mawe ya matumbawe, nikununulie ubani wa kumpelekea mama yako. Miaka yote hiyo tuko nchi moja, wewe na kafili wako, tajiri aliyekudhamini, Riyadh, mimi na wangu huku, na hatujatiana machoni. Nakala ya kwanza uliileta mwenyewe kwa simu, unapiga kelele. Ya pili aliileta Njoroge. Alikuwa amepitia kwako akachukua kifurushi, lakini bosi wake akamgeuzia njia kwenda Dammam, akanipigia akiwa barabarani: "Shosho, nimetumwa niseme, anakuja." Ya tatu ilikuwa ndani ya lori, inazunguka jangwani.

Halafu likaja lile vumbi.

Nimelaumu kila kitu, Mejumaa. Ningempata wa kumlaumu ningemla mbichi. Lakini madam alikubeba mwenyewe mpaka garini, bila hata kuvaa viatu. Mwanawe aliendesha. Mchana ulikuwa umegeuka mwekundu, magari yanatambaa, huoni mkono wako. Hospitali haikuwa mbali. Mlango wa hospitali ulikuwa unaonekana, ndivyo walivyonieleza, na wewe ukaacha kuvuta hewa.

Nani wa kumla hapo? Vumbi?

Mtoto niliyemlea akanipandisha ndege kuja Riyadh. Karatasi zilichukua siku kadhaa, na siku hizo zote wewe uko kwenye jokofu lao. Wewe uliyekuwa ukilala na soksi Kwale! Mama yako akatuma kutoka nyumbani karatasi ya kunipa mamlaka, mimi ndiye mtu wa damu niliye karibu. Fatuma, mama yako, aliituma ili nikurudishe. Alisema kwenye simu, "Mama, niletee mwanangu nimwone." Nikaingia ofisi ya maiti pale hospitalini, kijana mmoja akaniuliza, hajja, anazikwa huku au anasafirishwa? Nikauliza, akisafirishwa ni lini? Akafungua mikono yake hivi, hajui. Labda mwezi, labda zaidi. Nikauliza, na huku? Akasema, kesho baada ya alasiri.

Nikasema kesho.

Nikatia dole gumba. Na ningeulizwa tena leo ningetia tena. Dini yetu inasema maiti asicheleweshwe, na mimi nilikuwa nimekugusa shavu. Singemwacha mtu wangu kwenye barafu mwezi mzima ili sisi tulio hai tupate pa kulilia. Lakini Mungu anisikie, sijalala tangu siku ile.

Tulikuosha. Mwoshaji wa kule alikuwa mwanamke mnene, mwenye mikono mizuri, akaniuliza wewe ni nani wake, nikasema bibi yake. Akaniachia kichwa. Unakumbuka ile jozi ya leso mama yako aliyoinunua ulipokuwa unaondoka? Aliikata katikati, moja akakupa wewe, moja akanitumia mimi kwa mahujaji. Yako niliikuta kitandani mwako kule Naseem, imekunjwa chini ya mto. Ndiyo niliyokusitiri nayo, na maji yakapita juu yake. Nywele zako nilizisuka mikia mitatu kama inavyotakiwa. Kwenye bega lako bado kuna lile kovu la chungu cha uji. Nilikulaza vizuri. Nilikwambia kwa Kidigo maneno ambayo Njoroge hatayaandika.

Kisha wanaume wakakuchukua, na mimi nikabaki. Huku wanawake hatufiki makaburini. Nilikaa ndani ya gari nje ya ukuta wa makaburi ya Naseem, ukuta mrefu usiokwisha, na ndani yake, ninavyoambiwa, ni mchanga na mawe, hakuna jina juu ya jiwe lolote. Mzee wako aliingia, ameshikwa mkono na mwanawe. Alipotoka akaja mpaka dirishani kwangu, akanyoosha kiganja, kina udongo. Akasema, "Nimeuweka mkono wangu juu yake, hajja. Nilikuwa nikiona kwa macho yake." Nikaushika mkono ule, mwanamume asiye ndugu yangu, mbele ya wanawe, na hakuna aliyethubutu kuniambia kitu. Nikaufuta kwa ushungi wangu. Udongo ule ninao.

Nikarudi Jeddah. Njoroge akaja mlangoni, kifurushi mkononi, hajui aweke wapi uso wake. Ndani yake tende, na karatasi. Nikamwambia soma. Akasema, "Shosho, unajua kilichoandikwa." Nikamwambia, soma! Akasoma: "Bibi, naja."

Nakala ya tatu. Haikuzama, haikutekwa. Imefika salama kabisa, mwanangu, umeshaoshwa.

Sasa nikupe lililo baya kuliko hayo. Mama yako hasemi nami.

Nilipompigia kumwambia tumeshakuzika, alinitaka nirudie, nikarudia. Kisha akasema, "Nilikupa karatasi ya kumleta, ukaitumia kumtupa. Umemzika mwanangu kama paka, hata jiwe halina jina lake." Tangu siku hiyo hapokei. Nampigia, inalia, inalia, halas, imekwisha. Majirani wa Kwale wananiambia ameanua matanga bila kutaja jina langu kwenye dua. Nimezaa watoto, wamekufa, nimebaki na mmoja. Huyo ndiye huyo. Mimi ni mzee, Mejumaa. Nikifia huku kesho, atasikia kwa watu, na mimi pia nitazikwa kwenye mchanga usio na jina, na hatalia. Hilo ndilo ninaloliogopa. Kufa sikuogopi. Naogopa kufa mwanangu amefunga mdomo.

Nikawa nawafikiria wale wazee wako wa barua. Yule mfupi na yule mrefu walikuwa mabalozi pamoja ng'ambo, wanakula meza moja, kisha urais ukawagombanisha wakanuniana miaka na miaka. Na katika kununiana huko, binti wa yule mrefu akafa. Yule binti alipokuwa mdogo alivushwa bahari, akapokewa na yule mama niliyempenda, akamzoea mpaka siku ya kuondolewa akamng'ang'ania nguo analia. Basi mama yule aliposikia binti amekufa alishika kalamu, mnuno au si mnuno, akamwandikia yule mrefu pole. Uliponisimulia hivyo nilisema, "Huyo ndiye mwanamke." Wewe ukasema, "Ngoja, Bibi, haijaisha." Barua zikaenda zikarudi chache, wakaanza kuchokonoa vidonda vya zamani, wakanyamaza tena. Miaka tena!

Kwao kifo kilifungua mdomo, kikashindwa kuushikilia. Kwetu kifo ndicho kilichoufunga. Niambie, nina tumaini gani?

Halafu ulinisimulia yule daktari, rafiki wa wote wawili, aliyekuwa akimwandikia huyu na kumwandikia yule, anawasihi, mpaka mfupi akaanza. Na alianza na nini? Hakuanza na lawama wala maelezo. Alisema anamtumia vipande vya kitambaa cha kufumwa nyumbani. Mrefu akajibu haraka kabla mzigo haujafika, akaeleza habari za kufuma na kusokota ukurasa mzima, kumbe kitambaa chenyewe kilikuwa ni vitabu alivyoandika mtoto wa yule mfupi! Hapo tulicheka, ukasema, "Wazee wapumbavu, kama sisi." Lakini hawakunyamaza tena mpaka siku waliyokufa, wakafa wote wawili siku moja.

Nimetafuta daktari wa kunisemea kwa Fatuma. Sina. Kati yangu na mama yako daktari ulikuwa wewe. Ulikuwa ukimpigia yeye unanisifu, unanipigia mimi unamsifu, nasi tunajua kwamba unadanganya pande zote mbili. Na ni wewe tuliyekuzika.

Kwa hiyo nitaanza mwenyewe. Hii ndiyo ahadi yangu, na Njoroge ni shahidi.

Nitampelekea leso yako, ile niliyokusitiri nayo. Sitaifua. Nitamwambia, "Fatuma, hii ni leso ya mwanao. Mwenzake iko kwangu." Basi. Sitaeleza jokofu, sitaeleza dini, sitasema niliyoyasema kwa yule kijana wa ofisini. Maelezo ndiyo yaliyowaharibia yule mama na yule mrefu. Nitalituma neno hilo kwa njia tatu. Moja kwa sauti yangu kwenye simu yake, asikilize au asisikilize. Ya pili kwa mdomo wa mama mmoja wa Likoni aliyekuja umra, anarudi juma lijalo, yeye ndiye atakayebeba leso. Ya tatu kwa karatasi, Njoroge ataibeba akienda likizo, na ameapa kwamba ataipeleka mwenyewe mpaka Kwale, ijapokuwa hajawahi kufika pwani na anadhani sote ni wachawi.

Sidhani kama atajibu. Nakwambia ukweli, wewe sikudanganyi. Namjua mtoto wangu, shingo yake ni yangu. Pengine zote tatu zitafika salama, kama ile yako, na zifike nimeshaoshwa. Nitazituma hivyo hivyo.

Mzee wako ametuma salamu. Wamemletea msichana mwingine, Kiingereza chake kizuri, lakini hataki kusomewa. Vitabu vimefungwa. Njoroge akipita Riyadh atasimama nje ya ukuta ule na kuisoma barua hii kwa sauti, yeye Mkristo na ndevu zake, waliomo wote wasikie utani wetu. Nimemwambia asome kwa nguvu, kuna vumbi.

Mama yako nimempangia nakala tatu kwa sababu yuko mbali na njia ni mbaya. Wewe nimekuandikia hii moja.

Kwaheri, mke mwenzangu. Pumua vizuri huko. Msalimie mume wetu, mwambie naja. Hilo halihitaji nakala.

Bibi yako,
Mwanatumu
(hili hapa dole gumba langu)